Karatasi ya maabara ilivyonifanya nianze kugawa kiwanja

Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, nilimpigia simu dada yangu aliyeko Dodoma nikamwambia kwamba hati ya kiwanja cha Kihonda iko ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati la jikoni, nyuma ya mabakuli ya wageni. Akaniuliza kwa nini namwambia hayo saa nne usiku. Nikamjibu kwamba binadamu hajui siku wala saa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Umepima nini?"

Dada zetu wanatujua.

Nilikuwa nimepima damu. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, maana najua wapo akina mama wengi wanaosoma ukurasa huu ambao wako njia hiyo hiyo, na wapo akina baba wanaolala chumba cha watoto bila kujua wamekosa nini.

Wakati huo nilikuwa na miaka 52. Hedhi yangu ya mwisho niliipata nikiwa na miaka 50. Madaktari huhesabu kwamba mwanamke amefikia ukomo wa hedhi pale miezi 12 mfululizo inapopita bila kuona siku zake, na miezi hiyo mimi niliihesabu kwa furaha kama mfungwa anayehesabu siku za kutoka. Nilidhani nimemaliza kazi. Hakuna aliyenitayarisha kwa kilichofuata.

Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni, na kwa dakika chache nilikuwa naungua kama mtu aliyeinamia sufuria ya ugali wa msibani. Halafu jasho. Halafu baridi. Usiku mmoja nilibadilisha kanga mara tatu. Morogoro mwezi wa Juni upepo wa Uluguru unashuka na watu wanalala na mablanketi mawili, lakini mimi nilikuwa nafungua madirisha. Mume wangu alivumilia wiki mbili, kisha akachukua mto wake, akahamia chumba walichokuwa wakilala wavulana wetu kabla hawajaanza maisha yao. Hakusema neno baya. Alichukua mto tu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari. Mtu anayelala saa mbili kwa usiku hawezi kufundisha. Nilianza kusahau majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka mitatu. Siku moja, katikati ya kipindi cha ushairi, joto likanipanda nikashindwa kumaliza sentensi. Mvulana mmoja wa kidato cha tatu akatoka bila ruhusa, akarudi na chupa ya maji ya baridi, akaiweka mezani bila kusema kitu. Nililia nilipofika nyumbani. Sikulia kwa sababu ya joto. Ni kwa sababu mtoto wa watu alikuwa ameona kitu ambacho nyumbani kwangu hatukuwa tumekizungumza.

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa daktari wa wanawake Dar es Salaam. Daktari huyo, dada wa umri wa kumzaa, alinipima presha, akanichunguza matiti, akaniuliza maswali mengi, kisha akanieleza kwamba ovari zangu zimepunguza sana kutengeneza homoni ya estrojeni, na kwamba anaweza kunipa kidogo kwa vidonge. Kwa kuwa bado nina kizazi, alisema, lazima vidonge viwe na homoni ya pili ya jamii ya projesteroni, kwa sababu estrojeni ikiwa peke yake huufanya ukuta wa ndani wa kizazi uongezeke, na mwishowe inaweza kuleta saratani. Alinieleza na hatari zake. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza masharti ya mkopo: nilitaka pesa tu.

Baada ya wiki tatu nililala usiku mzima. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Aliyewahi kukosa usingizi mwaka mzima ataelewa.

Lakini vidonge nilivificha. Mume wangu ni dereva wa malori mstaafu, mtu mwema, ila ana vita vyake na neno homoni. Kwake yeye kuku wa kisasa wamejaa homoni, nyanya kubwa zina homoni, na watoto wa siku hizi wanakua haraka kwa sababu ya homoni. Nilijua nikimwambia nameza homoni kila asubuhi, hatalala yeye. Kwa hiyo pakiti ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na hati ya kiwanja.

Kilichonipeleka maabara hakikuwa joto. Kilikuwa magoti. Mwezi wa nne wa vidonge magoti yalianza kuniuma asubuhi, nikaenda hospitali moja ya hapa mjini. Daktari akaniuliza natumia dawa gani. Nyuma yangu, kwenye benchi, alikuwa amekaa jirani yangu wa mtaa wa pili, mwenye masikio kama antena. Nikasema: "Hakuna, labda za maumivu tu." Hilo ni kosa langu na sitamtupia mtu mwingine.

Aliagiza kipimo kinachoitwa CRP. Nilikisoma kwenye fomu bila kujua ni nini. Saa mbili baadaye kijana wa maabara akaniita dirishani. "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba. Akanipa karatasi: namba yangu ilikuwa 9.2, na pembeni imechapishwa kwamba inapaswa kuwa chini ya 5. Nikamwuliza maana yake. Akasema, kwa upole kabisa, "Kiko juu mama. Kinaonyesha una uvimbe mwilini. Mpelekee daktari."

Daktari alikuwa ameshaondoka. Ilikuwa Ijumaa mchana.

Hapa nataka wasomaji wanielewe. Mwanamke wa Kitanzania wa umri wangu akisikia neno uvimbe, hasikii goti lililovimba. Anasikia uvimbe kwenye kizazi, uvimbe kwenye titi, uvimbe ambao jirani alifanyiwa upasuaji na mwingine hakuwahi. Kijana alikuwa anatafsiri neno la kitabibu, lile ambalo madaktari wetu wengi wanaliita tu inflamesheni: hali ya mwili kupambana, iwe na vijidudu, iwe na jeraha, iwe na kitu kingine, ambapo sehemu huwa nyekundu, ya moto, na ndiyo, mara nyingi huvimba. Tafsiri yake haikuwa ya uongo. Lakini lugha yetu imelipa neno hilo moja kazi mbili, na mimi, ninayesahihisha insha za Kiswahili kwa mshahara, sikumwuliza anamaanisha uvimbe gani.

Nilienda nyumbani nikaunganisha mambo mwenyewe. Homoni, uvimbe, saratani. Niliwahi kusikia redioni zamani kwamba utafiti wa Marekani ulisimamishwa kwa sababu vidonge vya homoni vilikuwa vinaleta saratani ya matiti. Basi imenipata. Jumatatu sikurudi kwa daktari. Niliacha vidonge siku hiyo hiyo, kimya kimya kama nilivyovianza, na usiku nikampigia dada yangu simu ya kiwanja.

Wiki tano zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Joto lilirudi lote na riba yake. Nilikuwa najipapasa matiti bafuni kila siku nikitafuta kile ambacho karatasi imekiona. Binti yangu wa mwisho alikuwa kidato cha nne, miezi michache kabla ya mtihani, na jioni moja aliacha maharage yakaungua kwa sababu alikuwa anasoma. Nilimsemea maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto. Alikusanya madaftari yake akaenda kulala kwa wifi yangu, na akakaa huko siku nne. Nilidhani namficha mtoto ugonjwa ili asome kwa amani, kumbe nimemfukuza nyumbani.

Dada yangu ndiye aliyevunja kimya. Alipanda basi kutoka Dodoma bila taarifa, akaingia jikoni, akavuta kiti, akashusha kopo. Akatoa hati. Akatoa na pakiti ya vidonge. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Hivi ni vya nini?" akauliza.

Nikamwambia vyote: usiku, vidonge, karatasi, uvimbe. Nilitegemea hotuba ya kuku wa kisasa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mke wangu, mimi nilihama chumba nikijua unanichoka. Kumbe ulikuwa unaumwa peke yako?" Kesho yake tulipanda basi kwenda Dar es Salaam, mimi na yeye, na ile karatasi.

Ukitoka Morogoro kwenda Dar unapita mizani ya Mikese. Basi letu lilisimama kwenye foleni kama kawaida, na mume wangu, aliyepita pale maisha yake yote, akaanza hadithi zake za mizani. Nazitaja kwa sababu zilikuja kutusaidia.

Daktari aliisoma karatasi, akaniangalia, akauliza swali moja: "Mama, siku unapima ulikuwa unameza vidonge vyangu?" Nikasema ndiyo. "Uliwaambia?" Nikasema hapana. Akaweka kalamu chini.

CRP, alitueleza, ni protini inayotengenezwa na ini. Iligunduliwa New York mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia, na tangu hapo madaktari wanaitumia kama kengele: mwili ukishambuliwa, namba inapanda kwa saa chache, na chanzo kikiondoka inashuka kwa siku chache. Malaria inaipandisha sana. Kifua, mkojo mchafu, hata jino bovu vinaipandisha. Kengele haisemi mwizi ameingilia mlango gani. Na haikutengenezwa kuonyesha saratani. Hakuna daktari anayesoma 9.2 peke yake akasema mtu ana uvimbe wa titi.

Halafu akasema jambo ambalo sikuwa nimelisikia popote. Estrojeni ya kumeza yenyewe inaipandisha CRP, kwa mwanamke asiye na ugonjwa wowote. Siyo jambo jipya. Kulikuwa na utafiti mkubwa wa Marekani uitwao PEPI, wa wanawake waliofikia ukomo wa hedhi, na mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya damu za wanawake 365 kati yao waliofuatiliwa kwa miaka mitatu. Waliokuwa wanameza homoni, za aina zote nne zilizojaribiwa, CRP yao ilipanda kwa takriban 85% ikilinganishwa na waliopewa vidonge bandia. Kinachoshangaza ni kwamba alama nyingine ya inflamesheni katika damu hizo hizo, inayoitwa E-selektini, ilishuka kwa 18%. Kama mwili mzima ungekuwa unawaka, alisema, alama zote zingepanda pamoja.

"Sasa ini linapandisha kwa nini kama hakuna vita?" mume wangu akauliza.

Daktari akamweleza kwamba kidonge ukikimeza kinaingia tumboni, kinanyonywa kwenye utumbo, na damu yote inayotoka kwenye utumbo inapita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda popote. Ini linapokea mzigo wote wa dawa kwa mara moja, na linajibu kwa kutengeneza protini nyingi kuliko kawaida. CRP ni mojawapo. Lakini mtu akipaka homoni hiyo hiyo kwenye ngozi, kwa jeli au plasta, inaingia kwenye damu taratibu na kuzunguka mwili bila kuanzia kwenye ini, na CRP haipandi.

Mume wangu alinyoosha mgongo. "Daktari, hii ni mizani ya Mikese. Kidonge ni lori, lazima lipite mizani, kwa hiyo pale panakuwa na foleni. Jeli inapita njia ya panya."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo mzee, isipokuwa hii ni njia ya panya halali."

"Basi foleni ya pale mizani si ajali."

"Si ajali," akasema, na hapo akaacha kucheka. "Lakini ini linapotengeneza CRP zaidi, linatengeneza pia protini zinazosaidia damu kuganda. Na mama huyu ana habari ya kiharusi kwao."

Ni kweli. Mama yangu mzazi alipata kiharusi akiwa na miaka 61, upande wa kulia wote ukalala, na tulimlea miaka sita. Nilimtajia daktari jambo hilo siku ya kwanza, kwa haraka, katikati ya mengine. Siku ya kwanza presha yangu ilikuwa nzuri. Siku hii ilikuwa 142 kwa 88.

Alitoa damu upya hapo hapo. Wiki tano bila vidonge, namba ilikuwa 3.4. Nilianza kushangilia, akanizuia. Kwa upande wa moyo, alisema, wataalamu wa Marekani waliweka ngazi: chini ya 1 hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, zaidi ya 3 ni kubwa. Kwa hiyo 3.4 yangu bila dawa yoyote nayo ilikuwa inasema kitu, na kilo zangu 84 zilikuwa sehemu ya jibu. Mafuta ya tumboni hayakai bure; yanatoa kemikali inayoitwa IL-6, ambayo kazi yake mojawapo ni kuliamuru ini litengeneze CRP. Ndiyo tofauti aliyotaka niielewe. Watafiti wa Marekani walipolinganisha wanawake mwaka 2002, waliokuwa wanatumia homoni walikuwa na CRP ya juu, lakini IL-6 yao haikuwa ya juu. Yaani kwa mtu mnene au mgonjwa amri inatoka mwilini, kupitia IL-6. Kwa anayemeza kidonge, dawa inaligusa ini moja kwa moja. Namba inaweza kuwa ile ile, habari mbili tofauti kabisa.

Nikamwuliza kuhusu redio. Hakukwepa. Ule utafiti wa Marekani uliosimamishwa, alisema, ulikuwa na wanawake 16,608, na upande wa estrojeni pamoja na projestini ulisimamishwa Julai 2002 baada ya wastani wa miaka 5 hivi. Kati ya wanawake 10,000 waliotumia vidonge hivyo kwa mwaka mmoja, walipatikana 8 zaidi wenye saratani ya matiti, 8 zaidi wenye kiharusi, 7 zaidi wenye matatizo ya moyo, na 5 pungufu waliovunjika nyonga. Aliziandika kwenye karatasi ili mume wangu azione. "Hatari ipo, siwezi kuwaficha. Lakini si kila anayemeza anapata. Na wanawake wale wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, wengi walianza miaka mingi baada ya hedhi kukoma." Siku hizi, alisema, anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na hana saratani ya matiti, hajawahi kuganda damu, hana ugonjwa wa ini wala kutokwa damu ukeni kusikojulikana sababu, kwa kawaida faida yake ni kubwa kuliko hatari kama joto linamtesa.

Mume wangu aliiangalia ile karatasi ya namba. Kwa mtu aliyejaza vitabu vya mizigo miaka 30, 8 katika 10,000 ni kitu anachoweza kukishika mkononi. Akauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mimi: "Hiyo ya njia ya panya, damu inaganda au haigandi?"

Akamjibu kwa tafiti mbili. Ufaransa, mwaka 2007, utafiti wa ESTHER ulionyesha kwamba waliomeza estrojeni walikuwa na hatari ya damu kuganda kwenye mishipa mara 4 hivi kuliko wasiotumia, na waliotumia ya kwenye ngozi hawakuwa na ongezeko. Uingereza, mwaka 2010, waliangalia kiharusi: vidonge viliongeza hatari kwa takriban 28%, plasta za dozi ndogo hazikuongeza, za dozi kubwa ziliongeza. "Hizi si tafiti za kugawa watu kwa kura, kwa hiyo naziamini kwa kiasi," alisema. "Lakini kwa mama mwenye historia ya kiharusi nyumbani na presha inayopanda, sina sababu ya kumrudisha kwenye vidonge."

Angeweza pia kuniambia niache kabisa, na aliniambia hivyo: kwamba joto hupungua lenyewe kwa wengi baada ya miaka kadhaa, kwamba zipo dawa zisizo za homoni. Alinipa nafasi ya kuchagua. Mume wangu aliniangalia, akasema, "Mimi nataka ulale."

Tukaanza na titi. Nilipigwa picha ya matiti, majibu yakawa safi. Nikapewa dawa ya presha. Jeli haikuwepo kwenye maduka tuliyopita. Duka moja la dawa likaagiza, tukasubiri wiki tatu, na bei yake kwa mwezi inazidi bili yetu ya umeme na maji kwa pamoja. Nalisema hili wazi kwa sababu sitaki mtu asome hapa adhani nimegundua kitu kilichopo kila kona. Hakipo. Mshahara wa mwalimu unakihisi kila mwezi, na najua kuna mama anayesoma hapa ambaye hawezi kabisa. Mwalimu mwenzangu yule aliyenielekeza anaendelea na vidonge, presha yake nzuri, kwao hakuna kiharusi, na daktari wake ameridhika.

Jioni napaka jeli pajani, usiku nameza kidonge cha projesteroni kwa ajili ya kizazi. Baada ya miezi mitatu nilirudi kwenye maabara ile ile ya hapa mjini. Safari hii jirani yangu mwenye masikio alikuwepo tena, nadhani huishi pale. Nikasema kwa sauti ya darasani: "Natumia homoni ya estrojeni, ya kupaka, na dawa ya presha." Kijana yule yule akatafuta mahali pa kuandika kwenye fomu. Hakukuwa na sehemu ya dawa. Akaandika ukingoni, kwa kalamu. Naona fomu za maabara zetu zingekuwa na mstari huo mmoja, akina mama wengi wangelala usingizi.

Namba ilikuwa 3.1. Joto limebaki kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Nimepunguza kilo 5, si 15 kama nilivyojitapa. Magoti, kwa taarifa, bado yanauma: picha ilionyesha yamechakaa, ni umri na uzito na miaka ya kusimama mbele ya ubao, wala si homoni wala si CRP. Yule daktari wa kwanza alikuwa na sababu nzuri ya kuagiza kipimo, na jibu la magoti halikuwa humo.

Binti yangu alirudi nyumbani siku ile ile tuliyotoka Dar. Nilimwomba msamaha, nikamweleza kilichokuwa kinanipata, kwa majina yake: hedhi, ukomo, joto, homoni. Alisikiliza, kisha akauliza kama na yeye itamtokea. Nikamwambia ndiyo, siku moja, ila yeye hataficha dawa kwenye kopo la maziwa. Mtihani alifaulu.

Mume wangu alirudisha mto wake. Sasa ana kazi mpya. Jeli hii haitakiwi kumgusa mtoto mdogo kabla haijakauka, kwa sababu homoni inaweza kuingia kwenye ngozi yake, na mjukuu wetu wa miaka miwili, anayeletwa kwetu kila mwisho wa wiki, hupenda kunirukia miguuni mara tu akisikia mlango. Kwa hiyo jioni nikiingia chumbani, babu anambeba, anamtembeza uani kuwaonyesha kuku, ambao bado anawashuku. Nanawa mikono, nasubiri. Baada ya dakika chache namsikia anaita kutoka nje: "Bibi, imekauka?"